Habari Ikikufikia, Muulize Aliyeileta

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo la Ijumaa hii ni juu ya vyombo vya habari: redio, magazeti, televisheni, na hizi simu ambazo hata sasa tukiwa kwenye safu zinatetemeka mifukoni. Najua wengine mmeshasema moyoni, leo mwalimu amekuja kuharamisha. Hapana. Mimi nina redio tangu ujana wangu na simu ninayo. Nimekuja kwanza kukiri kosa langu mbele yenu, maana nililitenda mbele yenu.

Mwaka jana, Ijumaa mbili kabla ya Ramadhani, baada ya kutoa salamu nilisimama hapa hapa nikawaambia msiondoke. Nilikuwa nimepokea kwenye simu picha ya pikipiki iliyovunjika na mwili uliofunikwa kitenge, na chini yake jina la kijana wetu anayefanya kazi Kindu. Jina la baba yake nalo lilikuwa sawa. Nikasema Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raji'uun, nikawaomba mwende kumpa pole mama yake. Mlikwenda. Mama alikuwa uani anatwanga sombe, hajasikia neno lolote. Wanawake wakamwingilia wakilia, naye akajua mwanawe amekufa kwa kuwa imamu amesema. Matanga yakafunguliwa, mchele ukachangwa, mbuzi akachinjwa. Siku ya tatu jioni kijana akapiga simu mwenyewe. Alikuwa ameshuka Lualaba kwa mtumbwi, chini ya Kindu, kwenda kununua mchele mahali pasipo rezo.

Tulicheka siku ile, tukashukuru, tukala wali wa matanga kama wali wa harusi. Mama yule amenisamehe. Lakini mpaka leo simu ikilia karibu naye anashika kifua. Na kuna jambo jingine ambalo sikulifikiria mpaka usiku, nilipokuwa peke yangu: picha ile haikuwa ya uongo. Mwili ulikuwepo. Kijana fulani mwenye jina kama la huyu wetu alikufa kweli barabarani, na wakati sisi tulipokuwa tunamlilia mtu aliye hai, mama yake yeye alikuwa mahali fulani hajui kitu.

Nikaanza kuuliza. Aliyenitumia picha ni Mwislamu mwema, akasema ameipata kwa mtu wa Kasongo. Wa Kasongo akamtaja wa Samba, wa Samba akamtaja wa Kipaka. Hivyo hivyo nikafika kwa mtu wa saba. Wa nane ilikuwa namba tu, haina jina, na ukiipiga haiiti.

Sasa, ndugu zangu, sisi tuliosoma chuoni tunalijua jambo hili lina jina gani. Ni isnadi iliyokatika. Wanazuoni wetu hawakuwa wakipokea maneno ya Mtume (s.a.w.) mpaka wajue kayasema nani, kayapokea kwa nani, na huyo naye kwa nani, mtu kwa mtu. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijria, yaani mwaka 870, alitembea nchi nyingi akiwachunguza wapokezi: huyu ana kumbukumbu nzuri, huyu anasahau, huyu hakuwahi kukutana na yule anayedai kumsikia. Habari nzuri sana, yenye maneno matamu, iliweza kuachwa kwa sababu ya mtu mmoja katikati ya mnyororo. Mimi niliyesoma mambo haya tangu utoto nilipokea kifo cha mtu kutoka kwa namba.

Neno langu la leo ndilo hilo, na mengine yote ninayoandika hapa chini ni kulifafanua. Chombo cha habari, kiwe cha karatasi au cha umeme, kinatupa habari na kutuficha mchukuzi wake. Kwa hiyo kazi ya kumtafuta mchukuzi imebaki kwetu sisi tunaosikia.

Mnakijua kisa cha Bani Mustaliq. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alimtuma Walid bin Uqba kwenda kupokea zaka kwao. Watu wakatoka kumlaki, yeye akaogopa, akarudi njiani na kusema wamekataa zaka na wametaka kumuua. Madina ikakaribia kutoa jeshi. Hapo ndipo ilipoteremka aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotuamrisha kuchunguza habari anapoileta mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki na majuto. Angalieni: kabila zima lilikaribia kupigwa kwa sababu ya neno la mtu mmoja aliyeogopa.

Na katika kurudi kutoka safari ya kwenda kwa Bani Mustaliq hao hao ndipo kilipozuka kisa cha Ifki, watu walipomsingizia mama yetu Aisha (r.a.). Uvumi ule ulizunguka Madina karibu mwezi mzima, bila redio, bila simu. Aliyeushika bendera alikuwa mnafiki, Abdullah bin Ubayy. Lakini waliousambaza hawakuwa wanafiki peke yao. Alikuwemo Mistah, mtu aliyepigana Badri, maskini anayelishwa na Abubakar, baba wa Aisha mwenyewe. Hili linanitisha kuliko yote. Tukisema vyombo vya habari vinaharibu jamii, tunafikiri juu ya wabaya wanaotunga uongo mbali huko. Uongo ungefia mlangoni kwa mtungaji kama watu wema kama Mistah, na kama mimi, tusingeubeba.

Msidhani vilevile kwamba mambo haya yalianza na simu. Babu zetu katika misitu hii walipelekeana habari kwa ngoma ya mbao, kijiji kwa kijiji, na habari ya kifo au ya vita ilitangulia mtembezi. Lakini mpigaji alijulikana. Akipiga uongo, chifu alijua amwite nani. Kisha yakaja magazeti, na watu wachache wanajua kwamba habari ya sehemu zetu hizi iliwahi kuitikisa dunia zaidi ya miaka 150 iliyopita. Nitaieleza kwa urefu kidogo, maana ni yetu.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Mwingereza David Livingstone alikuwa pale. Kabla ya hapo alikaa miezi mingi Kabambare akiugua, na karatasi za kuandikia zilimwishia, akawa anaandika juu ya gazeti la zamani la London, The Standard la mwaka 1869, akipitisha mistari yake juu ya maandishi ya chapa, kwa wino aliojitengenezea kwa mbegu za mti. Siku ile watu zaidi ya elfu moja walikuwa sokoni, wengi wao wanawake. Watu watatu wenye bunduki wakaingia, mmoja akagombana kwa bei ya kuku, na risasi zikaanza. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa ikapinduka, wengine wakajitupa mtoni wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wauaji walikuwa watu wa misafara iliyotoka pwani, watu wa Dugumbe na wenzake, na wakubwa wa misafara ile walikuwa wakielekea kibla kama sisi tunavyoelekea leo. Naandika hivyo kwa sababu nimewasikia vijana wakisema habari ya Nyangwe ni uzushi wa Wazungu. Si uzushi. Habari ya kweli haigeuki uongo kwa kuwa inatuuma.

Livingstone alirudi Ujiji, na huko akakutwa na Stanley, ambaye alikuwa mwandishi aliyetumwa na gazeti, New York Herald. Stanley akazichukua barua zake, na mwaka 1872 habari ya Nyangwe ikasomwa Uingereza. Hasira iliyozuka iliongeza nguvu kwa waliokuwa wakipinga biashara ya watumwa, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Basi hapo gazeti lilifanya jambo kubwa la kheri, na lazima tuliseme.

Lakini habari haikuishia hapo. Kufikia mwaka 2011 wataalamu walikuwa wamezipiga picha zile kurasa za gazeti, zilizokuwa zimefifia hazisomeki, kwa taa za rangi mbalimbali, mpaka mwandiko wa Livingstone ukaonekana tena. Wakakuta kwamba aliyoyaandika siku zile za Nyangwe hayalingani kila mahali na yale aliyoyanakili baadaye kwa utulivu, ambayo ndiyo yaliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake. Hasa mambo ya wachukuzi waliokuwa pamoja naye mwenyewe, jinsi walivyokuwa wabaya, yalilainishwa. Sisemi mzee yule alikuwa mwongo. Aliona kwa macho yake, na mauaji yalitokea. Nasema hata shahidi mkweli, akikaa na habari yake, mkono wake unaanza kuitengeneza, na sehemu anayoitengeneza kwanza ni ile inayomhusu yeye.

Na ikaja tena zamu nyingine. Kati ya mwaka 1892 na 1894 jeshi la Mfalme Leopold II lilipigana na Waarabu na Waungwana wa Maniema. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili mwaka ule ule. Huko Ulaya watu walisoma kwamba ni vita vya kuwakomboa watumwa. Ni kweli watumwa walikuwepo. Lakini miaka ile ile watu wa Kongo walikuwa wanalazimishwa kuleta mpira na pembe za ndovu kwa kiboko, na wasomaji wa Ubelgiji hawakuelezwa. Ilichukua muda mpaka waandishi wengine kama Edmund Morel, na picha za mama mmoja mmisionari, Alice Harris, zilizoonyesha watu waliokatwa mikono, ziwafikie watu, na mwaka 1908 mfalme akanyang'anywa nchi hii ikawa koloni la Ubelgiji. Gazeti moja lilifunika, gazeti jingine likafunua. Kwa hiyo anayesema magazeti ni mabaya hajasema kitu, na anayesema ni mazuri pia hajasema kitu.

Sasa nije kwenye redio, na kwenye jambo ambalo wenye umri wangu tulilisikia likipita juu ya vichwa vyetu.

Julai 1993 huko Kigali, Rwanda, ilifunguliwa redio iliyoitwa Radio Télévision Libre des Mille Collines, kwa kifupi RTLM. Haikuanza na damu. Ilianza na muziki mzuri, pamoja na muziki wetu wa Zaire, na mizaha, na watangazaji wanaoongea kama vijana wa barabarani, si kama redio ya serikali yenye sauti ya kusoma hotuba. Watu waliipenda. Ilikuwa rafiki wa nyumbani. Ndani ya mizaha wakawa wanatia neno moja moja: hawa majirani zenu ni mende, hawa wana mpango juu yenu. Mtu akicheka mara ya kwanza, mara ya kumi hashtuki tena. Ndege ya Rais Habyarimana ilipoangushwa tarehe 6 Aprili 1994, redio ile ile ikaanza kutaja majina ya watu, namba za magari yao, mahali walipojificha, na kuwahimiza waliosimama kwenye vizuizi barabarani wafanye kazi. Kazi, waliita. Katika siku kama mia moja waliuawa watu wapatao 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, wengi wao Watutsi.

Mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu wenye maneno, ingawa wengine hawakushika panga. Juni 2000 mtangazaji Georges Ruggiu, Mzungu, alikiri akapewa miaka 12. Desemba 2003 wakahukumiwa Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio ile, na Hassan Ngeze mwenye gazeti la Kangura. Kwenye rufaa, Novemba 2007, ikabaki miaka 30, 32 na 35.

Mmesikia jina la mwisho. Hassan. Jina letu. Na katika mtaa wa Nyamirambo, Kigali, penye misikiti, walikuwepo Waislamu wengi waliowaficha Watutsi ndani ya nyumba zao na kukataa kuwatoa. Redio waliyosikiliza ni moja, lugha ni moja. Kilichowatenganisha ni nini? Mimi naona wale waliokataa walikuwa na habari nyingine juu ya jirani, waliyoipata kwa macho yao wenyewe: wamekula naye, wamezika naye, watoto wao wamecheza pamoja. Redio iliposema huyu ni mende, walikuwa na shahidi wa kuipinga. Asiyemjua jirani yake hana cha kuijibu redio.

Nawaomba mtu asitoke hapa akisema imamu kawasema Wanyarwanda. Agosti 1998, vita vya pili vilipoanza nchini mwetu, mkubwa mmoja wa serikali Kinshasa naye alisema hadharani kwamba watu fulani ni wadudu wa kufutwa, na maneno hayo yakarushwa hewani, na watu wakauawa mijini. Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata Aprili 2000, na Februari 2002 Mahakama ya The Hague ikaifuta hati kwa sababu alikuwa amekwisha kuwa waziri wa mambo ya nje, na waziri wa namna hiyo ana kinga. Oktoba mwaka ule wa 1998 vita vilikuwa vimeshafika Kindu. Tuliosalia tunajua yaliyofuata, sina haja ya kuyaandika.

Nitie hapa jambo dogo la Kenya, kwa sababu nililisema vibaya mwenyewe kwenye mihadhara. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa kule, na mtangazaji mmoja wa redio, Joshua arap Sang, akapelekwa The Hague. Nilikuwa nikisema amehukumiwa. Hakuhukumiwa. Aprili 2016 majaji walisimamisha kesi yake kwa kuwa ushahidi haukutosha. Niliyemsikia akisema hivyo alikuwa anajua nusu, na mimi nikaipamba nusu.

Vyombo vya kheri navyo vipo, na vina gharama. Radio Okapi ilianzishwa Februari 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle la Uswisi, wakati nchi imegawanyika, mtu wa Kindu hawezi kujua ya Kinshasa. Ilisema habari kwa Kifaransa na lugha zetu nne, Kiswahili kimojawapo, na watu wakasikia tena kwamba ni nchi moja. Waandishi wake wawili waliuawa Bukavu: Serge Maheshe Juni 2007, Didace Namujimbo Novemba 2008. Na wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287, mtangazaji wa redio ya kijiji cha Lwemba, Papy Mumbere Mahamba, aliyekuwa akiwaeleza watu namna ya kujikinga, aliuawa nyumbani kwake Novemba 2019. Watu waliambiwa Ebola ni biashara, ni mtego, ni uongo wa serikali. Wengi wakaamini.

Lakini tuwe waadilifu. Kwa nini waliamini? Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi, wakuu walitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura na wenzao kwa sababu ya Ebola na usalama. Wakapiga kura ya wabunge Machi 2019, Rais akiwa ameshaapishwa. Mtu wa pale afikiri nini? Uvumi ni kama magugu, unaota penye shamba lisilolimwa. Wakubwa wanaponyamaza au kuficha, mwenye kunong'ona ndiye anayeshika redio. Nawaambia na sisi viongozi wa msikiti: fedha ya sadaka isipohesabiwa mbele za watu, tusilalamike uvumi ukiihesabu.

Kuhusu utamaduni nitapita haraka, kuna Ijumaa nyingine. Watoto wetu wanajaza sinema na nyimbo kwenye kadi za simu, wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya kuliko majina ya mababu zao, na mabinti wanashona nguo kwa kuangalia picha. Yapo ya kukataza. Lakini naona wazazi wengi wanachukia simu kwa sababu imejaza nafasi waliyoiacha wazi wenyewe. Jioni zamani tulikaa motoni, mzee akasimulia. Leo mzee mwenyewe yuko kilimani anatafuta rezo. Na si yote yaliyokuja ni mabaya: tangu BBC ilipoanza Kiswahili mwaka 1957 na Ujerumani mwaka 1963, Kiswahili chetu cha Maniema kimesikia kile cha pwani kila siku, na mimi sehemu ya lugha ninayoiandika hapa nimeipata kwenye redio ya baba yangu, si chuoni peke yake. Hata mwezi wa Ramadhani, zamani tulipanda kuutazama kwa macho. Siku hizi karibu na Maghribi yetu simu imeshaleta mwezi wa Makka, na watu wanagombana juu ya simu wakati mwezi wenyewe uko juu ya miembe hakuna aliyeinua kichwa.

Basi tumekaa na wazee wa msikiti na mama wa jumuiya, na tumekubaliana haya. Tangazo la kifo halitasomwa hapa mpaka mmoja wetu azungumze kwa sauti na mtu aliyeuona mwili au aliyeuosha, na jina la mtu huyo litasomwa pamoja na la marehemu. Habari ya vita, kwamba kijiji fulani kimeingiwa, au kabila fulani limefanya hivi, haitasemwa mlangoni wala kwenye kikundi cha simu mpaka kijiji chenyewe kiulizwe. Kama hakuna rezo, vijana wawili watapewa pikipiki, mafuta yatatoka kwenye sanduku. Picha za maiti zisitumwe. Ukitumiwa, usimpe mwenzako, mrudishie aliyeileta na umuulize kwa upole: umeipata kwa nani? Akisema sijui, na iishie kwako. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kusimulia kila unalolisikia kunatosha kumfanya mtu awe mwongo, hata kama hakutunga yeye.

Na atakayekosea tusimtenge. Abubakar alikuwa ameapa kumkatia Mistah chakula, kisha ikateremka aya ya kumtaka asamehe, akaendelea kumlisha. Mimi nanyi mmeendelea kuniswalisha mbele.

La mwisho ni juu ya kijana yule mwingine, aliyekufa kweli. Tumemtafuta kwa miezi mingi kupitia ndugu zetu wa Kindu, na wiki iliyopita tumempata. Alizikwa na watu wa barabarani, na jamaa zake walijulishwa baada ya siku tisa. Mama yake yu hai, yuko safari ya siku mbili kutoka hapa. Isnadi yake ni fupi: nimezungumza mwenyewe, kwa sauti, na kaka wa marehemu, aliyekwenda kulionyeshwa kaburi. Yule mama wetu mnayemjua, niliyemliza bure, ameomba awe wa kwanza kwenda kumpa pole, na wanawake wawili watafuatana naye Jumatatu asubuhi, inshallah. Sadaka inayokusanywa mlangoni leo ni nauli yao, na mchele wa kupeleka. Mwenye mchele badala ya fedha aulete kabla ya Jumapili Alasiri.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.